Ulipika lini mara ya mwisho?

Wiki hii zamu ya kuandika imenifikia mimi. Wenzangu mmeandika juu ya safari, juu ya shule, juu ya wale tuliowaacha ng'ambo ya Rusizi. Mimi nitaandika juu ya kikaango. Msicheke sasa hivi, kiwekeni kicheko, mtakihitaji huko mbele.

Mambo yalianzia Musenyi, kule Giharo upande wa Rutana. Mimi ni mmoja wa vijana wanaojitolea pale kuzungumza na akina mama kuhusu lishe. Wengi waliopo walivuka Februari 2025, wakati Bukavu ilipoanguka. Walipita Rusizi na watoto mgongoni, wakalala uwanjani Rugombo, ndipo wakaletwa huku. Kazi yangu ukiitazama ni nyepesi. Nina kadi tatu za picha: vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili, vyakula vya kulinda mwili. Naziinua moja moja, nasema, "Mama zangu, changanyeni, sahani moja iwe na vyote vitatu." Wanaitikia. Nahesabu watu, naandika kwenye daftari, nahamia upande mwingine.

Siku moja nilikuwa nimeinua kadi ya pili, ile yenye picha ya nyama, mama mmoja wa makamo aliyekaa mbele akanyosha mkono.

"Mwanangu, weye mwenyewe, mara ya mwisho ulipika lini?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikajibu haraka, "Juzi tu, mama."

"Ulipika nini?"

"Nyama na viazi."

"Ewaa! Na makala yalikwenda ngapi?"

Nikanyamaza. Nikaanza kupanga kadi zangu kana kwamba zimechanganyika. Yule mama hakunikaripia. Alisema tu, "Basi siku utakayojua, urudi utuambie." Wenzake wakacheka tena, na safari hii nilijua wananicheka mimi.

Ukweli ni huu: nina miaka 24 na nilikuwa sijapika hata siku moja. Chai nimechemsha. Mayai nimekaanga mara mbili tatu. Lakini kupika chakula cha watu wakala wakashiba, hapana. Nilimdanganya mtu mzima mbele ya watu arobaini, tena kuhusu kitu ninachokifundisha.

Wiki mbili baadaye nikapata ruhusa ya siku saba, nikarudi nyumbani Kinindo.

Kwa wasioijua Bujumbura, Kinindo iko kusini mwa mji, ukishavuka mto Muha. Ni mtaa wa mageti na kuta ndefu. Mtu akisikia mkimbizi anakaa Kinindo anafikiri ametajirika. Papa ni zamu, analinda nyumba ya watu, na sisi tunakaa vyumba viwili vya nyuma. Jioni mbingu ikiwa safi unaiona milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa, karibu kabisa, utadhani ukipiga mluzi mtu atageuka. Nyuma ya vyumba kuna mpapai, chini ya mpapai kuna mbabula. Hilo ndilo jiko letu. Tulikuwa watu sita, lakini tangu Februari tuko tisa kwa sababu mama mudogo alikuja na watoto wake wawili.

Nilifika nikakuta Mama amelala chini na malaria. Alikuwa ameanza dawa, lakini hawezi kusimama. Mama mudogo anafua nguo za watu huko Kibenga, anatoka alfajiri, anarudi usiku. Papa mchana analala kwa sababu usiku anakesha. Sasa nani anapika? Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 15. Mwaka huu yuko darasa la tisa, mwaka wa mtihani wa taifa. Anatoka shule, anavua sare, anawasha makala, anaweka maharagwe, anachota maji, anaosha wadogo, anasonga ugali. Wanakula saa mbili na nusu usiku. Hapo ndipo anafungua daftari, macho yamekwisha.

Niliona daftari lake la hesabu. Kurasa za mwisho zina alama za vidole vyeusi vya makala. Alikuwa anajaribu kusoma huku anachochea.

Nikamwambia, "Kesho mie napika." Akanitazama kama nimesema kesho mie naruka. Akauliza, "Utapika nini?" Nikasema nyama na viazi. Nafikiri uwongo wa Musenyi ulikuwa bado mdomoni.

Usiku wa kwanza

Nilikwenda soko la Kinindo na pesa ya motisha niliyokuwa nimebakiza. Ndipo nilipojua kwamba nyama haiulizwi bei ukiwa umesimama vizuri, unaiuliza ukiwa umeshika kitu. Nikachukua nusu kilo. Muuzaji aliniona mgeni, akanitilia na mfupa mkubwa, nikalipia mfupa kwa bei ya nyama. Viazi vikaniponyoka bei, nikachukua mihogo mibichi kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi, na karoti chache. Nikarudi nyumbani natembea kama mwindaji.

Nilivyopika, nawaeleza ili msifanye hivyo. Nilikata nyama vipande vikubwa, maana nilitaka ionekane. Nikamimina mafuta kwenye kikaango, na kabla hayajapata moto nikatia kila kitu kwa pamoja: nyama, mihogo, karoti, vitunguu, chumvi. Nyama ikaanza kutoa maji. Badala ya kukaangika ikawa inachemka, rangi ya kijivu. Nikaongeza makala. Chini kukaungua, juu kubichi. Nikatia maji, harufu ya kuungua ikapanda hadi dirishani. Saa moja ikapita, nyama ngumu kama kandambili. Saa mbili, makala yakaisha.

Wakati huo kitinda mimba wa mama mudogo, ana miaka mitano, alishalala mkekani na kijiko mkononi. Alikuwa ameahidiwa nyama.

Nikasema basi, walau niwapakulie mihogo. Nikaanza kuweka kwenye sahani. Mama akaita kutoka ndani, sauti ya mgonjwa lakini kali: "Umeionja katikati? Imeiva?" Nikamega kipande. Katikati ilikuwa nyeupe, ngumu, inakwaruza ulimi. "Usiwape watoto hiyo mihogo! Mwaga!"

Hapa nitulie kidogo, kwa sababu jambo hili si la utani. Muhogo una sumu yake ya asili. Ule mchungu unayo nyingi zaidi, ndiyo maana bibi zetu wanauloweka siku kadhaa, wanauanika, ndipo wanasaga unga. Ule mtamu unamenywa na kuchemshwa mpaka uive kabisa. Muhogo usioandaliwa unaweza kuleta kizunguzungu na kutapika, na sumu ikizidi inaua. Watu waliokula muhogo mchungu usiolowekwa vizuri kwa wiki nyingi, wakati wa njaa, bila chakula kingine cha kujenga mwili, wamewahi kupooza miguu wasipone tena. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na jina hilo lilitoka kwetu Kongo, kwa Wayaka. Mimi nilikuwa na kadi yenye picha ya muhogo kwa mwaka mzima. Hayo yote hayakuandikwa kwenye kadi. Mama anayajua bila kadi.

Usiku ule tulikula mkate na avoka. Mdogo wangu wa kike hakusema neno. Alichukua kikaango akaanza kukikwangua, na daftari likabaki limefungwa. Hilo liliniuma kuliko kicheko cha Musenyi. Nilitaka kumpunguzia kazi, nikamwongezea.

Mama kwenye mkeka

Kesho yake mchana Mama akasema tumtolee mkeka uani, chini ya mpapai. Homa ilikuwa imeshuka kidogo. Akaniambia, "Leo utapika tena. Mimi mkono sigusi. Nitasema tu."

Papa aliamka akanikuta nimeinama na kisu. Akauliza, "Hapa nyumbani wanawake wamekwisha?" Mama akamjibu taratibu, "Papa wa watoto, yule anayechoma brosheti pale barabarani ni mwanamke?" Papa hakujibu. Na kweli, fikirieni. Bujumbura nzima, kila kabare, anayesimama kwenye moto wa brosheti ni mwanaume. Jasho linamtoka, anapuliza makala, anakata vitunguu, na hakuna anayemwambia amekuwa mwanamke. Analipwa, ndiyo tofauti. Ukipika bure nyumbani ndipo unaulizwa.

Haya sasa, nawapa kama Mama alivyonipa. Ni ya watu tisa, wanne kati yao watoto:

Nyama ya ng'ombe nusu kilo, isiyo na mfupa. Viazi vitamu kilo mbili, vile vya rangi ya machungwa ukivipata. Karoti nusu kilo. Vitunguu vitatu, nyanya nne, sereli kidogo, fungu moja la lengalenga. Mafuta ya mawese vijiko vinne vikubwa. Chumvi. Kipande cha papai bichi.

Papai ni la nini? Nyama yetu ni ya ng'ombe waliotembea milima, ni ngumu. Utomvu wa papai bichi una kitu kinacholainisha nyama. Mama aliniambia nikwaruze kijiko kimoja, nipake kwenye nyama, niiache nusu saa tu. Ukisahau ukaiacha sana, inakuwa uji. Na kabla ya kupaka, ikate ndogo, kipande kama kucha ya kidole gumba, na kisu kikate nyuzi za nyama, kisizifuate. Nikamwambia, "Mama, ndogo hivi haitaonekana." Akasema, "Haitafutwi kuonekana. Inatafutwa kufika."

Wakati nyama inakaa na papai, unamenya viazi na karoti. Karoti zikatwe nyembamba, viazi vipande kama vya sukari ya mche, vyote sawa. Visipolingana, kimoja kitapondeka na kingine kitabaki kibichi. Vitunguu na nyanya kata kabisa, weka pembeni. Mama alikataa niwashe makala kabla sijamaliza kukata. "Moto ukiwaka na wewe unakata, unachoma pesa." Usiku wa kwanza nilikuwa nimewasha kwanza ndipo nikatafuta kisu.

Kuna swali lilikuwa linanirudia, kwa hiyo nikachukua kopo tupu la maziwa ya unga nikapimia makala. Makopo mawili. Nikasema leo nitajua.

Moto ukishakolea, weka kikaango kikavu, kikipata moto ndipo mafuta. Mafuta yakianza kutetemeka, tia nusu ya nyama, si yote. Ukitia yote kikaango kinapoa, nyama inatoa maji, unarudi kwenye kijivu changu cha jana. Iache bila kugusa mpaka upande mmoja uwe kahawia, geuza, toa. Tia nusu ya pili, fanya hivyo hivyo, toa. Dakika nane hivi zimekwenda. Kwenye mafuta yale yale tia vitunguu na chumvi, kisha karoti, koroga dakika tano. Sasa viazi. Mimina maji nusu kikombe tu, funika. Dakika kumi na tano, na usifunue funue, mvuke ndio unapika. Kisha rudisha nyama pamoja na maji yake yote, nyanya na sereli, dakika tano. Mwisho lengalenga juu, funika, zikilegea, epua.

Kama unatumia mateke, yale ambayo Watanzania wanaita magimbi, yachemshe peke yake kwanza mpaka yaive kabisa, maana yakiwa mabichi yanawasha koo. Muhogo vilevile, uchemshe kwanza. Viazi ulaya, ibiraya, vinaingia pamoja na karoti kwa sababu vinachelewa kuliko viazi vitamu.

Tangu makala yaliposhika mpaka kupakua ilikuwa kama dakika arobaini. Maharagwe yetu ya kila siku yanachukua saa mbili na zaidi, na kopo nne au tano. Makala haya yanaletwa na malori kutoka mikoani, na mafuta ya gari ndiyo hayo mnayajua, foleni siku nzima. Bei ya gunia haijawahi kutusubiri. Kwa hiyo chakula cha haraka kwetu si kwamba una haraka ya kwenda mahali. Ni kopo mbili badala ya tano. Ni saa mbili za mtoto wa shule.

Tulikula saa kumi na moja na nusu, jua lingalipo. Hapo nikaona kitu ambacho sikukipanga. Kwetu, nyama ikipikwa, vipande vikubwa vinakwenda kwa Papa, vinavyofuata kwa mtoto mkubwa wa kiume, yaani mimi, watoto wanapewa vidogo, na Mama na mama mudogo wanachovya mchuzi wanasema hawana njaa. Nimekua nikiamini kweli mama zetu hawapendi nyama. Lakini nyama ya kucha ya kidole gumba iliyochanganyika na viazi haichaguliki. Ukichota kijiko, imo. Kila sahani ikapata. Yule mdogo wa miaka mitano akahesabu vipande vyake kwa sauti, akafika kumi na mbili, akaanza kula. Mama mgonjwa akamaliza sahani. Nilimwona akitafuna nyama polepole, macho amefumba.

Papa alikula kabla ya kwenda getini. Hakunisifu. Aliosha mikono, akavaa koti lake, akasimama mlangoni akasema, "Kesho utie pilipili." Akaenda.

Mimi nilisikia neno moja tu: kesho.

Na mdogo wangu wa kike alikuwa amekaa kwenye ngazi na daftari la hesabu. Ilikuwa bado mchana, hakuhitaji tochi. Nikamuuliza, "Umefika wapi?" Akasema, "Niache, nahesabu." Nikaosha vyombo.

Nilipika siku nne zilizofuata. Nyama tulikula siku mbili tu, pesa haikutosha zaidi. Siku nyingine niliweka ndagala kavu: unazikaanga kwanza zikauke, unazitoa, unazirudisha mwisho kabisa zisilowe. Siku moja nilizidisha chumvi na Papa akanywa maji jagi zima akiwa kimya. Siku niliyoondoka kurudi Musenyi, mdogo wangu wa kiume, wa miaka 12, alikuwa ndiye anakata karoti. Hakuna aliyemwambia.

Kurudi Musenyi

Ningeweza kuyaacha haya nyumbani. Lakini yule mama aliniambia, siku utakayojua urudi utuambie.

Nilimkuta kwenye kikao cha wiki iliyofuata, mbele, mahali pake pale pale. Kabla ya kuinua kadi nikasema, "Mama zangu, siku ile mliniuliza nilipika lini, nikasema juzi. Nilidanganya. Sikuwa nimepika hata siku moja. Sasa nimepika. Siku ya kwanza niliunguza, tena nusura niwape watoto mihogo mibichi. Siku ya pili tukala. Makala yalikwenda kopo mbili za maziwa, watu tisa."

Kukawa kimya kidogo. Kisha yule mama akapiga makofi mara moja, akasema, "Sasa tunaweza kuongea." Akanigeukia vizuri. "Lakini hapa, mwanangu, hiyo nyama iko wapi?"

Swali la haki. Pale nyama ni ya kusimuliwa. Nikasema ndagala, nikasema karanga, nikasema maharagwe yaliyolowekwa tangu usiku ili yaive mapema. Lakini safari hii walionijibu ni wao. Mmoja alisema ndagala zikiwa chache anazisaga, unga wake unafika sahani zote, na hapo nikamkumbuka Mama. Mwingine hana mfuniko, anafunika kwa jani la mgomba na kuweka jiwe juu. Mwingine alisema mawese kijiko kimoja kwenye viazi vya rangi ya machungwa ni dawa ya macho ya mtoto. Yuko sawa: viazi hivyo vina vitamini A kwa wingi, na mwili unaichukua vizuri zaidi ukila na mafuta. Mwingine, kijana kama mimi kwa umri, alisema wakati mwingine anauza sehemu ya chakula alichopewa ili apate kuni za kupikia kilichobaki. Alisema hivyo akitazama chini. Hakuna aliyecheka.

Tulikaa saa moja na nusu. Kadi sikuziinua hata moja. Baadaye nilichukua ile ya kwanza, nyuma yake ni nyeupe, nikachora kopo la makala na kikaango chenye mfuniko. Si mchoro mzuri, wanasema kopo langu linafanana na ndoo. Lakini sasa kila kikao naanzia nyuma ya kadi.

Niseme mawili nimalize.

La kwanza ni kwa nyinyi mnaofanya kazi ya kutusaidia, wenye fulana na magari, na sisi wa kujitolea tunaowafuata nyuma. Mnapotuambia tule vyakula vya aina tatu, tunawaelewa, wala hatubishi. Lakini chakula hakiivi kwenye kadi. Kinaivia kwenye makala, ndani ya chombo, chini ya mfuniko, kwa maji ambayo mtu ameyafuata kwa miguu, na kwa saa ambazo ni za mtu fulani. Ulizeni hizo saa ni za nani. Mara nyingi ni za msichana mwenye daftari.

La pili ni kwa vijana wenzangu wa kiume. Sisemi muwe wapishi. Nasema mwenye dada yuko mwaka wa mtihani, ampokonye kijiko hata siku mbili kwa wiki. Utaunguza, ni kweli. Utachekwa, hiyo nayo ni kweli. Mimi nimechekwa katika mikoa miwili na bado ninakula. Anza na vitu vidogo: kata kabla hujawasha, kata sawasawa, usijaze kikaango, na kama ni muhogo, onja katikati kabla mtoto hajaonja.

Mtihani umeshapita, matokeo tunayasubiri. Juzi nilipiga simu nyumbani, akapokea yeye. Nikamuuliza leo wanakula nini. Akasema, "Sijui, muulize Papa, ndiye anakwangua papai." Nikafikiri anatania. Kisha nikasikia kwa nyuma sauti ya Papa inauliza, "Nusu saa ilishafika?"

Na kwenu, nani alipika jana? Andikeni hapo chini. Msidanganye kama mimi, kuna mama mmoja Musenyi atawauliza makala yalikwenda ngapi.